Simu Isiyojua Niendako

Sehemu ya nne

Mliokuwa nami tangu wiki ya kwanza mnajua nilivyoingia mashakani. Kwa aliyechelewa nitasema kwa ufupi, maana ya wiki hii ni mengi na yananiuma kuyaandika.

Naitwa Remei, mjane wa miaka hamsini na tisa, muuza uyoga katika milima ya Berguedà. Kila Ijumaa ya msimu napanda msituni alfajiri, Jumamosi nauza sokoni. Mahali ninapookota alinitajia baba yangu kitandani, siku mbili kabla hajafa. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu humpa mwanawe nyumba angali hai, lakini mahali pa uyoga humpa akiwa anakata roho.

Miaka miwili iliyopita nilituma picha ya kikapu changu kwenye kundi la familia. Ijumaa iliyofuata nikamkuta mume wa binamu yangu amesimama palepale pangu, na vikapu vitatu. Kumbe ile picha ilikuwa imebeba mahali ilipopigwa. Nililia kama mtoto. Ndipo Eudald, mtoto wa kaka yangu, fundi simu, akanitengenezea simu ambayo haisemi ulipo hata uibembeleze. Wenzangu kumi wa kijijini wakasikia, nao wakaitaka. Akawatengenezea.

Lakini wauza dawa za kulevya nao wanaipenda simu hiyohiyo. Polisi wakatusimamisha barabarani mmoja baada ya mwingine: watu kumi na mmoja, simu za aina moja, wote wanaondoka alfajiri, wote wana visu, hakuna anayesema aendako. Jumanne wakamkamata Eudald, wakasema ndiye fundi wa genge. Alhamisi wakaniita mimi. Wiki jana niliishia pale nilipoambiwa niifungue simu yangu, nikababaika, nikabonyeza ile namba ya pili ambayo Eudald aliniambia ni ya siku nikiibiwa. Simu ikajifuta yote mbele ya macho ya inspekta.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Inspekta Torrents aliiangalia simu ile tupu, kisha akaniangalia mimi. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitisha.

"Basi, mama," alisema. "Simu imekufa. Imebaki kauli yako."

"Kauli yangu mnayo. Nilitia sahihi."

"Ulitia. Ijumaa ya tarehe kumi ulikuwa wapi?"

"Chini ya kanisa la zamani, upande wa mashariki."

"Gari lako lilionekana upande wa magharibi. Kilomita tisa kutoka kanisani."



Akafungua faili, akaanza kupanga karatasi mezani kama mtu anayepanga karata. "Jofre wa duka la mbegu alisema alikuwa mtoni. Alikuwa mlimani. Bibi Candelera alisema alilala siku nzima. Jirani alimwona anarudi na matope hadi magotini. Huyu hapa alisema hana hata kikapu, na tulikuta vinne jikoni kwake." Akaweka ya mwisho. "Watu kumi na mmoja, mama. Kauli kumi na moja. Zote za uongo."

Nikacheka. Nakiri nilicheka, na sijui shetani gani alinitekenya.

"Unacheka nini?"

"Afande, wewe ni mtu wa pwani, sivyo?"

"Inahusu nini?"

"Huku mtu akikuuliza umeokota wapi, kama ulikuwa kaskazini unamwelekeza kusini. Sisi hilo hatuliiti uongo. Ni adabu. Asiye na adabu ni yule aliyeuliza."

"Aliyeuliza ni polisi."

"Hata angekuwa askofu! Mmoja wa hao kumi na mmoja ni padri wetu. Muulize yeye."

"Tulimuuliza," alisema Inspekta Torrents. "Naye alidanganya."

Mlangoni alikuwa amesimama Sajenti Climent, mwanamume mnene, mtu wa bonde la jirani. Alikohoa na kugeuza uso. Nikajua anacheka, nikampenda kidogo. Lilikuwa kosa langu la pili siku hiyo.

Inspekta hakucheka. Alinisogezea picha tatu. Miti, miiba, na katikati mimea ya bangi iliyosimama kama mahindi.

"Mashamba matatu tumeyakuta mwaka huu kwenye misitu yenu. Wenyewe wanakwenda alfajiri. Hawasemi waendako. Simu zao haziandiki popote walipopita, na tukizigusa zinajifuta. Ungekuwa wewe mimi, ungewatofautisha vipi na nyinyi?"

"Sisi tunanuka uyoga."

"Mama Remei. Mtoto wa kaka yako yuko chumba cha chini."

Ule mzaha ukanikauka mdomoni.

"Kesho saa sita mchana anasimama mbele ya hakimu," alisema. "Hakimu akiona genge, Eudald atakaa mahabusu akisubiri kesi. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa miwili. Lakini nipeleke asubuhi mahali pako, nipaone kwa macho yangu. Nikikuta uyoga na si kitu kingine, nitaandika hivyo, na kijana atalala kwao kesho."

"Wakili wake kaniambia nisifungue mdomo."

"Basi usifungue. Wakili atafurahi."

Nikamwambia nitampigia usiku, nikatoka.

Nyumbani nilimkuta kaka yangu Llorenç amekaa kwenye ngazi za mlango wangu. Kwenye magoti alikuwa na shati jeupe la Eudald lililopigwa pasi, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya shati kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Wamesemaje?"

Nikamwambia. Akasikiliza hadi mwisho.

"Waonyeshe," alisema.

"Llorenç, unajua ni kitu gani unaniomba?"

"Mimi nisijue? Baba alipokuwa anakutajia, nani alikuwa nje ya mlango? Mimi, mkubwa wako! Nimesimama na bakuli la supu linapoa mkononi, namsikia ananong'ona, na nikiingia ananyamaza. Miaka ishirini na moja sijakuuliza. Nimekuuliza siku moja?"

"Hujaniuliza."

"Sitakuuliza hata leo. Sitaki kujua ni wapi. Kaa na siri yako, ufe nayo. Mimi namtaka mwanangu."

"Nitawaonyesha."

"Apa."

"Naapa."

"Apa kwa baba."

Nikaapa kwa baba. Akainuka, akalikunja lile shati polepole, akaenda zake bila kuaga. Nilimpigia inspekta kwa simu ya nyumbani, nikamwambia nitampeleka, kisha nikala mkate na nyanya nikiwa nimesimama jikoni. Moyo ulikuwa umetulia. Nilikuwa nimeamua, wallahi nilikuwa nimeamua.

Ijumaa saa moja asubuhi tuliacha magari kwenye uwazi wa wakata mbao. Tulikuwa watatu: mimi mbele, inspekta katikati na buti mpya zinazomuuma, Sajenti Climent nyuma. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye misonobari na ardhi ilikuwa na unyevu mzuri. Niliunusa uyoga kabla hatujaenda hatua mia. Ningekuwa peke yangu ningeimba.

"Ni mbali?" aliuliza inspekta.

"Dakika arobaini. Ukiacha kuongea, thelathini na tano."

Tukafika njia panda. Njia ya kushoto inapanda kwenda pangu. Ya kulia inashuka kwenye mteremko wa mawe na mialoni mikavu, mahali ambapo hapajaota uyoga hata mmoja tangu dunia iumbwe. Mti mdogo wa miiba ulikuwa umefunga njia ya kushoto.

"Subirini, nitaukata," alisema Climent, akatoa kisu mfukoni.

Nikakiona. Kisu cha mpini wa mbao uliopinda, makali mafupi, na kwenye mkia wake brashi ndogo ya nywele za nguruwe. Kisu cha namna hiyo kina kazi moja tu duniani. Kukata uyoga na kuufuta mchanga.

"Kisu kizuri, sajenti."

"Cha mama mkwe," alisema, akakirudisha mfukoni haraka mno.

Kisha nikaona mkono wake mwingine. Alikuwa ameshika simu, simu ya kawaida, ile inayojua kila kitu. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya msitu wetu, na juu ya ramani vidoti vyekundu, kimoja kila tulipopita. Akabonyeza. Kikaongezeka kingine.

"Vya nini hivyo?"

"Vya ripoti."

"Ripoti inasomwa na nani?"

"Na wakubwa." Akamwangalia inspekta aliyekuwa anafunga buti, akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilinuka soseji. "Mama, hebu niambie ukweli. Rovelló zipo nyingi huko juu?"

Rovelló ndio uyoga wetu wa bei kubwa, naye aliuliza kwa midomo iliyolowa. Naujua ulafi huo. Niliuona kwa mume wa binamu yangu.

Hapa ndipo ninapokiri, na nakiri kwenu kwa sababu kwa padri siwezi, ni mmoja wetu. Nilikuwa nimeapa kwa baba. Kijana alikuwa chumba cha chini, baba yake ananisubiri mlangoni mwa mahakama na shati jeupe. Yote hayo niliyakumbuka. Nikakumbuka pia baba yangu alivyonivuta karibu, mkono wake ukiwa baridi tayari, na nikamwona Climent pale na mama mkwe wake na shemeji zake, kila Ijumaa, na vikapu. Nikajiambia: inspekta huyu ni mtu wa pwani. Msitu kwake ni msitu. Mti kwake ni mti. Nikimpeleka popote penye majani, ataandika "mahali pa uyoga", na Eudald atatoka. Nani atapungukiwa?

Nikageuka kulia.

"Huku," nilisema.

"Si ulikuwa unaelekea kushoto?" alisema Climent.

"Nilikuwa napumzika. Ni huku."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Tulishuka kwenye mawe, tukapita mialoni, tukafika penye kijiuwanja kilichozungukwa na miiba. Sikuwahi kukanyaga pale maishani mwangu. Hakuna mwokota uyoga aliyewahi.

"Hapa," nilisema.

Inspekta alitoa kinasa sauti, akakiwasha, akakisogeza karibu na kidevu changu.

"Mama Remei anasema hapa ndipo mahali pake. Umeanza kuja hapa lini, mama?"

"Tangu baba afe. Miaka ishirini na moja."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa ya msimu."

"Una hakika ni hapa hasa?"

"Afande, hapa najua kila jiwe kwa jina lake." Nilinogewa. Uongo wa uyoga una utamu wake, na ulimi wangu una mazoezi ya miaka mingi. "Hata ungenifunga macho, ningefika."

"Uyoga uko wapi?"

"Mvua imechelewa upande huu."

Climent alikuwa ameinama anaigusa ardhi. Akaisugua kati ya vidole. Uso wake ulianguka, kama mtu aliyealikwa harusini akakuta sahani zimeoshwa.

"Hapa?" alisema. "Kwenye mialoni mikavu hii? Mama, hapa hapaoti hata..."

Hakumaliza. Inspekta alikuwa amejikwaa.

Aliangalia chini. Akasukuma majani kwa ncha ya buti. Palikuwa na mpira mweusi wa maji, mwembamba, umefukiwa nusu. Akauvuta. Ukaja, ukaja, ukazidi kuja, ukainua majani mstari mzima hadi kwenye miiba.

Yeye mbele, Climent nyuma yake, tukaufuata ule mpira. Nyuma ya miiba palikuwa na pipa la maji, na nyuma ya pipa harufu ambayo si ya uyoga. Kisha nikaiona mimea. Ilikuwa mirefu kunizidi. Nusu yake ilikuwa imekatwa na kuning'inizwa kwenye kamba, chini ya turubai la kijani, ikaushwe.

Nilielewa papo hapo, na ndiyo sehemu inayoniumiza zaidi. Wenye bangi si wajinga. Wanajua msimu huu bonde zima liko msituni. Walikuwa wametafuta mahali pamoja ambapo waokota uyoga hatupiti kamwe, kwa sababu hapana kitu, nami nikatafuta kwa sababu ileile na kwa akili ileile.

"Miaka ishirini na moja," alisema Inspekta Torrents taratibu. "Kila jiwe kwa jina lake."

"Afande, nimedanganya!"

"Nasikiliza."

"Si hapa! Mimi hapa sijawahi kufika! Pangu ni kule juu, njia ya kushoto. Twendeni sasa hivi, nitawaonyesha, kuna rovelló za kujaza gari!"

"Jana ulisema ulidanganya kwa adabu. Leo?"

"Leo ni kwa sababu ya huyu!" Nikamwonyesha Climent kwa kidole. "Ana kisu! Muulize kisu chake ni cha nini! Anaweka vidoti aje kuniibia!"

Climent aliinua mikono, uso umemwiva. "Mama, usinitie mimi kwenye mambo yako."

"Sajenti, hii njia ya kuja hapa, nani alikuwa mbele?" aliuliza inspekta.

"Yeye."

"Nani alisema tugeuke kulia?"

"Yeye, afande."

Inspekta alitembea hatua chache pembeni, akapiga simu. Sauti yake ilikuwa chini kama kawaida, lakini msitu ule ulikuwa kimya na nilisikia kila neno.

"Mwambieni hakimu tumepata shamba. La nne. Ndiyo, shangazi yake ndiye aliyetuleta. Hapana, kijana asitoke. Ombeni awekwe ndani hadi kesi."

Nilimwona Llorenç mlangoni mwa mahakama, na lile shati. Nikamwona Eudald, ambaye kosa lake lote duniani ni kumhurumia shangazi aliyelia kwa ajili ya kikapu. Ukweli nilikuwa nimeshausema na haukuwa na mnunuzi.

"Kata hiyo simu," nilisema.

Inspekta aligeuka.

"Kata. Washa kile kinasa chako."

Akakata. Akakiwasha.

"Ni yangu," nilisema. "Mimea yote ni yangu. Nimepanda mwenyewe, nimemwagilia mwenyewe, kila Ijumaa. Eudald alinipa simu akidhani ni ya uyoga. Hajui kitu. Hajawahi kufika hapa."

Climent alifungua mdomo. Yeye alijua. Mtu mwenye kisu kile alijua vizuri kwamba mwanamke wa uyoga hawezi kuwa amekuja mahali kama pale hata mara mbili. Nikamkazia macho, naye akaangalia chini, akaufunga mdomo wake.

"Rudia, mama," alisema inspekta.

Nikarudia. Alinisikiliza kwa makini ambayo hakuwahi kunipa nilipokuwa nasema kweli, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilingojea tangu Jumanne. Hakuniuliza nilipanda lini. Hakuniuliza mbegu nilipata wapi.

"Kijana atatoka?" nilimuuliza.

"Atatoka."

"Leo?"

"Leo, ukimaliza." Akafungua daftari ukurasa mpya, akanipa kalamu. "Shamba hili si la mtu mmoja, mama, na simu zilikuwa kumi na moja. Niandikie majina ya wenzako kumi."

Nikaitazama saa ya mkononi mwake. Ilikuwa saa mbili na nusu, na hakimu alikuwa anaingia saa sita.